Uso wangu ulipopooza baada ya kutolewa uvimbe: jicho kwanza, tabasamu baadaye

Kama umeambiwa una uvimbe huko ndani nyuma ya sikio na unasubiri upasuaji, au umeshafanyiwa na nusu ya uso haitikisiki, nakuandikia wewe. Nimepita huko. Na kikubwa nilichokuja kukielewa ni kwamba uso uliopooza una saa mbili zinazokimbia kwa pamoja, ya jicho inahesabu siku na ya misuli inahesabu miezi, sasa watu wengi tunaambiwa tu "subiri utarudi wenyewe" na hakuna anayekukalisha chini akueleze kwamba jicho halisubiri kabisa na misuli nayo inasubiri lakini ina mwisho wake.

Uvimbe wangu unaitwa akustiki nuroma, siku hizi madaktari wanapenda kuuita vestibula shwanoma. Si kansa, hausambai kwenda sehemu nyingine ya mwili, unaota taratibu kwenye ganda la neva ya nane, ile inayobeba usikivu na inayokufanya usimame bila kuyumba. Kwangu ulianza na sikio moja kupoteza maneno kwenye simu, yaani nasikia sauti lakini sielewi mtu anasema nini, alafu ukaja mlio usioisha, alafu nikawa nikitembea gizani lazima nishike ukuta. Nilitibiwa sikio kwa muda mrefu sana kabla hajatokea daktari wa kunipeleka MRI, kile kipimo cha kupiga picha za ndani ya kichwa. Kwa hiyo kama ni sikio MOJA tu linapungua kusikia na hakuna sababu inayoonekana, usikubali kila siku kusafishwa sikio na kupewa matone na kurudishwa nyumbani, ulizia MRI.

Sasa uso unaingiaje hapo. Neva ya saba, inayoendesha misuli ya uso, inapita bega kwa bega na hiyo ya nane kwenye tundu moja jembamba la mfupa. Uvimbe ukikua unaisukuma neva ya uso, unaivuta, unaitandaza inakuwa nyembamba sana, na cha ajabu ni kwamba unaweza kuwa na uvimbe mkubwa na uso bado unafanya kazi vizuri tu. Mimi kabla ya upasuaji nilikuwa natabasamu kawaida. Hilo lilinifanya nione hatari ya uso ni kitu cha kwenye karatasi ya kusaini.

Njia nilizoelezwa zilikuwa tatu. Kuuangalia tu kwa kupiga MRI kila baada ya muda, maana vingine vinakaa miaka bila kukua. Mionzi ya kulenga, mashine inayojulikana zaidi ni Gamma Knife, ambayo haiuondoi uvimbe, inausimamisha usiendelee kukua, na hiyo inafaa zaidi kwa vidogo na vya kati. Na upasuaji. Mkubwa kama wangu, ambao ulishaanza kugandamiza shina la ubongo, haukuwa na habari ya kuangaliwa tu. Kwa hiyo nikaingia kwenye upasuaji, na njia iliyochaguliwa ilikuwa ya kupitia ndani ya sikio lenyewe, inayomaliza usikivu wote wa upande huo, ila kwangu usikivu ulikuwa umeshaisha hivyo hapakuwa na cha kulinda.

Uamuzi wenyewe mgumu ulikuwa mwingine. Daktari aliniuliza, tukifika mahali uvimbe umenata kwenye neva ya uso, unataka nifanyeje? Nitoe wote kwa gharama ya neva au nibakize ganda jembamba? Mume wangu alitaka utolewe wote, alisema hataki kusikia habari ya uvimbe tena maishani, na namwelewa kabisa. Mi nikauliza kitatokea nini kikibaki kipande. Nikajibiwa kitafuatiliwa kwa MRI, kikianza kukua kinaweza kupigwa mionzi. Nikasema basi bakiza. Naomba mtu yeyote anayesoma hapa ayafanye haya mazungumzo KABLA, tena mbele ya mtu wake wa karibu, kwa sababu kule ndani umelala na uamuzi unafanywa bila wewe. Uliza pia kama watatumia mashine ya kufuatilia neva ya uso wakati wa upasuaji, zile waya ndogo zinazowekwa kwenye misuli ya uso ili daktari ajue anagusa nini. Siku hizi hicho ni kitu cha kawaida kwa upasuaji wa namna hii na ukiuliza hutamkosea mtu adabu.

Nilizinduka natapika na dunia inazunguka. Kizunguzungu hicho wanakwambia kitapungua na kweli kinapungua, ubongo unajifunza kutegemea upande mmoja. Nesi akaja akaniambia kunja paji la uso, funga macho, nionyeshe meno. Nikafanya. Nilijua nimefanya, nilihisi nimefanya, lakini niliona macho ya mume wangu yanahama kutoka upande mmoja wa uso wangu kwenda mwingine na kurudi, na hapo nikajua. Daktari akaja akasema neva ipo, haijakatika, ameacha ganda dogo juu yake, ila imevutika sana na mwishoni ilikuwa inajibu kwa udhaifu. Akaniweka daraja la 6 kwenye kipimo cha House-Brackmann, kipimo ambacho madaktari wanakitumia tangu 1985, daraja la 1 ni uso wa kawaida na la 6 ni hakuna kinachotikisika kabisa.

Kuna kitu hapa kinawachanganya watu. Wapo wanaotoka chumba cha upasuaji uso uko sawa alafu baada ya siku kadhaa unalegea, hao mara nyingi wanarudi vizuri. Na kuna ule ugonjwa wa kupooza uso ghafla unaoitwa Bell's palsy, ambao wengi wanapona ndani ya wiki au miezi michache. Kila aliyekuja kuniona alikuwa na ndugu au jirani aliyepooza uso akapona ndani ya wiki tatu. Walikuwa wananitia moyo, nawashukuru, lakini ile siyo hali yangu, na kila wiki ya tatu ilipopita mimi nikawa najiona ndo mwenye tatizo. Ukiwa na mgonjwa wa uvimbe tafadhali usimpe tarehe ya mtu mwingine.

Haya, jicho. Hapa nitakaa kidogo kwa sababu uso uliopinda unaishi nao lakini jicho likiharibika limeharibika.

Neva ya uso ndo inayofunga kope, na pia inachangia machozi. Kwa hiyo unabaki na jicho lililo wazi saa 24, kavu, usiku na mchana. Mimi nilikuwa na la ziada, neva ya tano, inayoleta hisia usoni, nayo ilikuwa imeguswa na uvimbe kwa hiyo jicho likawa na ganzi. Daktari wa macho alichukua pamba akaisokota ikawa uzi mwembamba, akaja kwa pembeni akagusa kioo cha jicho. Jicho lenye hisia linaruka. Langu halikuruka, na mimi sikuhisi chochote. Akaniambia maneno ambayo sitayasahau: jicho lisilouma ndo la kuogopa zaidi, kwa sababu likiwa na kidonda hutajua. Huyu nilikutana naye kwa sababu dada yangu alisumbua wodini mpaka akaitwa. Karatasi niliyopewa ya kuruhusiwa kutoka ilikuwa na dawa za maumivu na tarehe ya kutoa nyuzi, jicho halikuandikwa popote. Usitoke hospitali na jicho lisilofunga bila kuonwa na daktari wa macho, na umuulize kabisa, jicho langu lina hisia au lina ganzi?

Mchana nilikuwa naweka machozi ya bandia kila saa, na chukua yale yasiyo na kemikali ya kuhifadhi dawa kama unaweka mara nyingi hivyo, kwa sababu ile kemikali nayo ukiirudia rudia inalichubua jicho. Feni na kiyoyozi visikupige usoni. Nje miwani mikubwa ya kuzunguka pembeni. Ukioga funika, sabuni ikiingia na una ganzi hutasikia.

Usiku ndo kazi. Unanawa mikono, unavuta kope ya chini, unaweka mstari wa dawa ya mafuta ya macho (ile nzito, siyo matone) alafu unaangalia chini, huku unaangalia chini unaishika kope ya juu kwa ncha ya kidole pale kwenye nywele zake na kuiteremsha taratibu mpaka ikutane na ya chini. Unashikilia. Mkono mwingine unabandika tepu laini ya hospitali kuanzia juu ya kope kushuka kwenye shavu, au kwa kulala, vyovyote utakavyoelekezwa ilimradi jicho limefunga KABISA chini yake. Usibandike tu kipande cha gozi juu ya jicho ukadhani umelifunika, kwa sababu jicho linafunguka kule chini usiku na gozi inasugua kioo cha jicho mpaka asubuhi. Hili nalisema kwa mkazo maana kuna watu wamepewa gozi na hawakuambiwa. Mwanzoni mume wangu alikuwa ananifungia yeye, anaweka tochi ya simu anaangalia kama kuna ufa, alafu ananambia "limefunga, lala".

Pamoja na yote hayo asubuhi moja aliniambia jicho jekundu sana na kuna kitu cheupe. Mi nilikuwa sioni maumivu yoyote, nilidhani tu dawa ya usiku ndo imetia ukungu. Tulikwenda siku hiyo hiyo, ilikuwa kidonda kwenye konea, yaani hicho kioo cha jicho, kidogo, kikatibiwa. Wekundu, ukungu, mwanga kukuchoma, alama nyeupe: usisubiri kesho, na kama una ganzi mwambie mtu wa nyumbani akuangalie jicho kila asubuhi kwenye mwanga mzuri.

Baada ya hapo nikawekewa kipande kidogo cha dhahabu ndani ya kope ya juu. Kuna cha platinamu pia. Ni upasuaji mdogo, unachomwa ganzi pale pale, na uzito wake unaisaidia kope kushuka ukipepesa. Havina shida na MRI, niliuliza hilo mara nyingi maana MRI zangu haziishi. Ila ujue unafanya kazi kwa mvutano wa kwenda chini, kwa hiyo ukiwa umelala chali hausaidii sana na dawa ya usiku inaendelea. Na unaweza kutolewa baadaye kama uso ukirudi. Nilikuwa nimeukataa kwanza kwa sababu niliona kuukubali ni kama kusema uso hautarudi. Siyo hivyo hata kidogo, kuweka uzito hakuzuii neva kupona.

Mdomo nitasema kwa kifupi. Chakula kinajikusanya kwenye shavu lililolala na hujui, kwa hiyo kila baada ya kula pitisha ulimi au kidole na mswaki, meno ya upande huo yanaoza haraka. Ukinywa, shika mdomo wa chini kwa kidole. Herufi b, p na m zinavuja hewa, ongea taratibu, bonyeza kidogo shavu kwa kidole kwenye simu, watu watakuelewa. Na unajing'ata ndani ya mdomo, angalia vidonda.

Kilichoniumiza kuliko mdomo ni watu kunisoma vibaya. Uso usiocheka watu wanaona umenuna. Nilikuwa namfurahia mtu kwa moyo wote na yeye anarudi nyuma. Mwanangu mdogo alikuwa anaangalia uso wangu kujua kama nimekasirika, na akikosea anaanza kulia, ikabidi nimwambie mama akifurahi anasema, sikiliza sauti yake. Tukazoea hivyo, nasema kwa mdomo "nimefurahi". Picha sikupiga muda mrefu. Nililia sana ule mwaka, na ndiyo, machozi yalikuwa yanatoka jicho moja. Mtu wa ushauri nasaha nilimwona kwa kuchelewa na alinisaidia kuliko nilivyotegemea, mkumbuke mapema.

Kuhusu mazoezi nina la kusema. Nilipelekwa kwa mtu wa mazoezi akaniambia nitafune bigijii, nipulize puto, nikaze uso kwa nguvu zote, na akaniwekea mashine ya umeme. Baadaye nikapata mtaalamu anayeshughulika na uso hasa, akasimamisha vyote. Alinielewesha kwamba neva inapoota upya, taratibu tu, kama milimita moja kwa siku, nyuzi zake zinaweza kupotea njia, uliokuwa wa mdomo ukaenda kwenye jicho, na ukilazimisha uso mzima ukaze kwa pamoja unaufundisha kukaza kwa pamoja. Ndo maana kuna watu wakicheka jicho linafunga, wakifunga jicho mdomo unavutika. Kuhusu umeme wataalamu wenyewe hawajakubaliana, lakini wengi wa uso hawaupendi kwa sababu hiyo. Zoezi langu likawa kioo, mwendo mdogo, taratibu, upande usiopooza ukizuiwa usizidishe, na kuukanda uso kwa mkono ili usigande. Dakika chache mara kadhaa kwa siku. Linachosha kwa sababu huoni kitu.

Na ndo tunafika kwenye saa ya pili. Neva ikiwa nzima madaktari wanasubiri, hiyo ni sahihi, wengi wanarudi bila kufanyiwa chochote. Lakini misuli isiyopata amri kutoka kwenye neva inasinyaa, na ikishafika kama mwaka mmoja na nusu hadi miwili inakuwa haifai tena, hata ukiiletea neva nzuri haina cha kuendesha. Kwa hiyo mtu akikwambia "tusubiri miaka miwili tuone" muulize, tukisubiri mpaka hapo na hakijarudi kitu, ni njia zipi zitakuwa zimefungwa? Mimi niliuliza hivyo kwa daktari wa kwanza na hakuwa na jibu, nikaomba rufaa kwa daktari wa upasuaji anayefanya nyuso zilizopooza. Haikuwa kumdharau wa kwanza, yeye kazi yake ilikuwa uvimbe na aliifanya vizuri.

Huyu wa pili alipima EMG, kisindano kwenye misuli ya uso kuangalia kama kuna dalili ya neva kurudi hata kabla mtikisiko haujaonekana kwa macho. Hakukuwa na kitu. Tukakubaliana ikikaribia mwaka na bado kimya, hatusubiri tena. Akanielezea njia. Kuchukua neva ya ulimi na kuiunga kwenye ya uso, inaupa uso uimara mzuri ukiwa umetulia ila ulimi unaweza kudhoofika nusu, ingawa siku hizi wanachukua sehemu tu ya neva hiyo. Kuchukua tawi linaloendesha msuli wa kutafuna, linatoa tabasamu lenye nguvu na haraka zaidi, lakini uso ukiwa umetulia haliuinui sana. Kuvuta neva kutoka upande usiopooza kwa kutumia neva ya mguuni kama kiungo, ambayo ndo inaleta tabasamu la kujitokea lenyewe, ila ni safari ndefu na pembeni ya mguu panabaki na ganzi. Na kama misuli imeshakufa, kuhamisha msuli wa paja kuja usoni au kugeuza msuli wa kichwani pembeni, kwa hiyo hata aliyechelewa miaka mingi hajafungiwa mlango, mlango wake ni mwingine tu na ni upasuaji mkubwa zaidi.

Nilichagua neva ya kutafuna. Lakini kumbuka jicho langu lilikuwa na ganzi, na neva ya tano inayoleta hisia ya jicho ndo hiyo hiyo inayoendesha kutafuna, kwa hiyo ilibidi kwanza waniambie niume meno huku wanashika shavu kuona kama msuli unakaza, na EMG tena. Ulikuwa mzima. Kama na wewe una ganzi usoni hakikisha hilo limepimwa kabla ya kuchagua njia hii.

Baada ya upasuaji huo ni kimya tena kwa miezi, na hicho kimya kinatisha maana umeshatumia njia yako. Alafu siku moja nauma meno mbele ya kioo nikaona kona ya mdomo imeingia ndani kidogo. Nikauma tena. Nikamwita mume wangu akasimama pembeni yangu tukawa tunaangalia kona ya mdomo kama watu wasio na kazi nyingine.

Leo natabasamu kwa kuuma meno, na nimefanya mazoezi mpaka kuuma kumekuwa kudogo sana, wengine wanaweza bila kuuma kabisa, mi bado nahitaji. Paji la uso halikurudi. Nikila, shavu linatikisika bila kutaka. Jicho linabana nikitabasamu sana, na kwa hilo huwa nachomwa botoksi, sindano ya kulegeza misuli, inashika kama miezi mitatu au minne alafu inaisha, na wamechoma pia kidogo upande usiopooza ili usivute sana na uso ulingane. Hela inaenda, sitadanganya. Upasuaji wa uvimbe watu wanachangishana, lakini machozi ya bandia ya kila mwezi, tepu, mazoezi, botoksi, nauli za kliniki, hivyo hakuna anayekuchangia na vinaendelea kwa miaka. Kama una bima uliza mapema na kwa maandishi kama inalipia upasuaji wa kurudisha uso, kwa sababu baadhi watakwambia ni urembo. Mwombe daktari aandike wazi kwamba ni kwa ajili ya kulinda jicho, kula na kuongea.

Lile ganda lililobaki halijakua mpaka sasa, MRI zinaendelea na kila moja inanikosesha usingizi.

La mwisho ni karatasi. Omba nakala ya ripoti ya upasuaji wako wa uvimbe, siyo muhtasari wa kuruhusiwa, ripoti yenyewe ambayo daktari aliandika alichokikuta na alichokifanya. Humo ndo imeandikwa kama neva ya uso imeachwa nzima, imekatwa au imeungwa, na ilikuwa inajibu kwa kiasi gani mwishoni. Daktari wa uso atakuuliza hiyo kabla hata hujakaa vizuri. Piga na video fupi ya uso wako kila mwezi, ukiwa umetulia, ukifunga macho, ukionyesha meno, weka tarehe. Mi sikupenda kuziangalia hizo video lakini yule daktari wa pili alizitazama zote moja baada ya nyingine, na ndizo alizotumia kuniambia, mama, hapa hakuna kilichotikisika tangu mwanzo, tusiendelee kusubiri.